Kori: Kambare Wapole wa Tangi la Sebuleni

Ukimtajia mtu wa Kisumu kambare, ataulizia mumi wa kukaanga. Hawa wa leo ni wengine: kori (Corydoras), asili yao mito ya Amerika Kusini. Kori wa shaba hukomea kama sentimita saba na hana ugomvi na yeyote.

Hatua ya kwanza: tangi. Mwambie fundi wa vioo akukatie chini sentimita 60 kwa 30, kimo 35 hivi. Kimo si hoja, maana kori huishi sakafuni. Hapo watakaa sita pamoja na kundi dogo la neon tetra, samaki wadogo wenye rangi za kung'aa. Wasipungue sita, na wawe wa aina moja. Ukiweka wawili watajificha nyuma ya mawe, kisha utalalamika kwamba umeuziwa samaki wagonjwa.

Hatua ya pili: mchanga. Wengi huharakisha hapa. Kori hutumbukiza pua mchangani, huuchota mdomoni, hula kilichomo, na mchanga hutokea kwenye matamvua. Kwenye kokoto zenye ncha, hasa zikiwa chafu, ndevu hukwaruzika, huoza, na hatimaye hubaki vigutu. Tafuta mchanga laini wa mto, uchekeche, uoshe kwenye ndoo mpaka maji yatoke safi. Dondoshea siki: ukitoa povu una chokaa, hivyo utaongeza ugumu wa maji. Usiuchote ufukweni mwa ziwa, na usilete gugumaji hata kama maua yake yanakuvutia. Baadhi ya konokono wa Ziwa Victoria hubeba kichocho, na mikono itakayozama tangini ni yako.

Hatua ya tatu: maji. Ya mfereji yatie dawa ya kuondoa klorini. Washa kichujio, anza kulisha bakteria wa kichujioni kwa amonia kidogo (sumu ileile itokayo kwenye uchafu wa samaki), usubiri wiki nne hadi sita. Bakteria hao hugeuza amonia kuwa nitraiti, kisha nitreti. Pima: amonia na nitraiti zikishuka hadi sufuri, samaki waingie. Joto liwe nyuzi 22 hadi 26. Kisumu huna haja ya kipasha joto. Shida ni jua la mchana, kwa hiyo tangi likae mbali na dirisha. Stima ikipotea, pampu ndogo ya betri itawaokoa.

Hatua ya nne: kuwaingiza. Wana miiba kwenye mapezi, hunasa kwenye wavu na huweza kutoboa mfuko. Tumia kikombe.

Chakula kiwe tembe zinazozama, jioni taa zikizimwa. Kuna wauzaji wanaowanadi kama wafagizi wa tangi. Mfagizi naye hula, na mabaki ya wenzake hayamtoshi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, wangu hupanda juu kwa kasi, hugusa hewa na kurudi. Wanakufa?
La, dada. Kori humeza hewa na kuipumua kwa utumbo. Ila wakifanya hivyo mfululizo, pima maji na uongeze mapovu.

Niko Nakuru, natumia maji ya kisima. Yanafaa?
Yapime kwanza, kaka. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi na pH ya juu. Changanya na maji ya mvua, uyabadilishe kidogo kidogo.

Naweza kuwaweka na fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, au kitoto cha mumi?
Fulu ni wagomvi. Mumi atakua na kuwameza wote, na miiba ya kori itamkwama kooni. Usithubutu.

Nimekuta mayai yamebandikwa kwenye kioo. Nifanyeje?
Hongera! Yabandue taratibu kwa kidole, uyahamishie kwenye chombo chenye maji ya tangi lilelile na mapovu madogo, maana wazazi huyala. Yaliyogeuka meupe yenye ukungu yatupe. Mengine yataanguliwa baada ya siku tatu hadi tano. Vitoto vikizidi, wape wafugaji wenzako, ziwani usivimwage.