Jinsi ya Kuchagua Mashine ya Gemu kwa Ajili ya Kibanda
Kabla ya kununua mashine ya kibanda chako cha gemu hapa Dodoma, amua kwanza utapataje michezo, kwa kuwa hapo ndipo ushindani wa watengenezaji unapogusa mfuko wako. Xbox Series S ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2020, haina sehemu ya kuingizia diski, hivyo kila mchezo hupakuliwa kwa intaneti na kumaliza bando. PlayStation 5 yenye sehemu hiyo, ambayo Sony iliitoa mwaka huohuo, husoma pia diski nyingi za PlayStation 4, na hilo ninalithamini sana. Nintendo Switch hubebeka, lakini kibandani sioni faida yake. Ukishanunua, iweke mezani, matundu ya hewa yakiwa wazi, uyafute vumbi kila jioni, hasa wakati wa kiangazi.