Kiwanda kinawamwagia maji machafu mtaani? Namna ya kukifikisha mahakamani

Wakazi wa Vingunguti, Buguruni na nyie wote mnaokaa kando ya mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, haki ya kuishi kwenye mazingira safi na salama ipo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na sheria hiyohiyo inamruhusu mwananchi kwenda mahakamani kuidai. Tatizo kesi nyingi zinafia kwenye ushahidi, kwa hiyo anzeni na hapo.

Kila maji yakifunguliwa piga picha na video, andika tarehe na saa, yametokea bomba gani yakaelekea wapi (wengi wanafungulia usiku au mvua ikinyesha, kwa hiyo pangianeni zamu). Watoto wakiugua tunza karatasi za hospitali. Sampuli ya maji usijichotee kwenye chupa ya soda ukategemea hakimu ataiamini, wakili wa kiwanda atauliza nani aliishika na ilikaa wapi, hapo umekwisha. Ombeni mkaguzi wa mazingira aje achukue mwenyewe ipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Alafu andikeni barua NEMC (chombo cha serikali kinachosimamia mazingira), nakala serikali ya mtaa na manispaa, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, huo muhuri ni dhahabu. NEMC wana uwezo wa kupiga faini, kusimamisha shughuli na kuamuru kiwanda kisafishe kilichoharibu, wakifanya hivyo mmemaliza mapema.

Wakikaa kimya tafuteni wakili. Mkiwa wengi mnaomba kwanza kibali cha mahakama wachache wawawakilishe wengine. Kama mnaishtaki na serikali lazima muipe kwanza notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, na madai ya fidia ya madhara kwa kawaida yana ukomo wa miaka 3 (ukipita, mahakama haiyapokei), msisubiri. Ombeni pia zuio la muda, yaani amri ya kiwanda kuacha kumwaga wakati kesi inaendelea: mahakama itaangalia kama kuna hoja ya msingi, kama madhara yenyewe pesa haiwezi kuyafidia, na nani ataumia zaidi zuio likitolewa au likinyimwa. Hapa ndo yale madaftari na karatasi za hospitali yanapoongea.

Kwenye maombi msiandike fidia tu. Mimi naona amri ya kuacha kumwaga na kusafisha ndo kitu kikubwa, pesa mtagawana itaisha na maji yataendelea kupita mlangoni.

Na mkishinda msilale. Watu wa Tabata waliishinda Halmashauri ya Jiji kuhusu dampo mwaka 1988, jiji likaja kupeleka taka Kunduchi Mtongani, ikabidi wakazi 795 wa huko nao waende Mahakama Kuu 1991, nao wakashinda. Kwa hiyo endeleeni kurekodi, kiwanda kikikaidi mnarudi mahakama ileile kuomba utekelezaji wa amri, na video mpya mkononi.