Shamba la mlimani: jinsi ya kulima bila kuupeleka udongo wako mtoni

Hii ni kwa nyie mnaolima kwenye miteremko, nawazia zaidi Lushoto na Mlalo kwenye karoti, kabichi na nyanya, ila hata wa Uluguru au Taita itawafaa. Mvua kubwa ikinyesha toka nje uangalie maji yanayotoka shambani kwako, yakiwa mekundu basi ujue ile samadi uliyopandisha kichwani na mbolea ya dukani ndo vinaondoka hivyo, na haviishii hapo bondeni. Mto Umba unaanzia msitu wa Shagayu huko juu Usambara na unaenda kumwaga baharini Vanga upande wa Kenya, yaani tope letu linawafikia mpaka wavuvi.

Kwahiyo mimi kwangu maji ndo ya kwanza, ukishayazuia yasikimbie mengine yote yanakuwa mepesi na usipoyazuia hata uweke mbolea gani ni kazi bure.

Tafuta mstari wa kontua, ule unaokatiza mlima bila kupanda wala kushuka. Usikadirie, macho yanadanganya sana mlimani. Tengeneza fremu A: chukua miti miwili iliyonyooka ya mita 2 hivi, ifunge kileleni, kaza mti mwingine katikati ukatize, alafu ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni ipite mbele ya huo mti wa katikati. Isimamishe, weka alama kamba inapokatiza, geuza miguu ibadilishane nafasi palepale, weka alama ya pili, katikati ya hizo alama mbili ndo usawa wako. Sasa anzia pembeni mwa shamba unazungusha mguu mmoja mmoja, kamba ikitulia kwenye usawa unachomeka kijiti, unaendelea hivyohivyo mpaka mwisho. Upepo ukiwa mkali subiri kwanza, kamba ikiwa inacheza utapata mstari wa uongo, na mstari wa uongo unakusanya maji sehemu moja yanapasua tuta lote.

Kwenye vile vijiti ndo unachimba fanya juu, mtaro wa sentimita 60 upana na 60 kina, udongo wote unarushwa upande wa juu uwe tuta, acha kama sentimita 20 kati ya tuta na mtaro usije ukarudi ndani. Chimba kiangazi, mvua zikianza tu panda majani ya malisho kama ya tembo au gwatemala juu ya tuta, maana tuta tupu linabomoka. Kutoka tuta moja hadi la chini yake tofauti ya kimo isizidi urefu wa mtu. Kama udongo ni mfupi na chini kuna mwamba, au mteremko ni mkali kupita kiasi, usichimbe, weka mistari ya majani tu inatosha.

Wazee wa Usambara wanayajua matuta ya miaka ya 1950, mkoloni alilazimisha watu wakayakataa, na mi naona walikuwa na haki, kazi ilikuwa kubwa na faida hawaioni. Hapa faida iko kwenye majani. Yakate kabla hayajakuzidi kimo la sivyo yatakula chakula cha mazao, wape ng'ombe, samadi irudi shambani, na ianzie kando ya mtaro kwasababu mwaka wa kwanza pale udongo wa chini umefunuliwa na mazao yanadumaa.

Mabua usichome jamani. Ukichoma naitrojeni nyingi inapanda na moshi, udongo unabaki uchi na mvua ya kwanza inaukuta hivyohivyo. Yatandaze katikati ya mistari au lundika utengeneze mboji. Yenye ugonjwa ndo yatoe shambani.

Urea nayo, ina naitrojeni asilimia 46 na ukiimwaga juu ya udongo jua likawaka sehemu yake inageuka gesi inapotea. Fukia sentimita 5 hivi, pembeni ya shina sio juu yake, gawa mara mbili badala ya kumwaga yote, na ukiona wingu zito la mvua ahirisha. Mbolea ikizidi kwenye udongo uliolowa chepechepe inatoa oksidi ya naitrasi, hiyo kwa uzito inapasha joto dunia zaidi ya mara 250 kuliko hewa ya ukaa, na hapo ni hela yako imeruka.

Dawa: kagua kwanza, pindua majani uone kama kantangaze (viwavi wanaotoboa nyanya) wapo kweli na wengi kiasi gani, usipulize kwa sababu jirani kapuliza. Puliza jioni nyuki wakiwa wamerudi. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji, na bomba la dawa usilioshee kijitoni kabisa, watu wanachota chini yako. Chupa ikiisha isuuze mara 3, maji ya kusuuzia yamimine ndani ya bomba uyapulizie shambani, alafu itoboe hapohapo isije ikaishia kubebea maziwa.