Choo cha paka ndani ya ghorofa, bila harufu

Naishi Kariakoo, ghorofa ya nne, na paka watatu. Uwanja hakuna, na lifti ni hadithi tu: mchanga unapanda kwa ngazi, uchafu unashuka kwa ngazi. Siku hizi mgeni anaweza kukaa nusu saa nzima ndipo aulize, "Kumbe unafuga paka?" Mwanzoni haikuwa hivyo. Mwaka wa kwanza nilichoma udi kila jioni, na bado shangazi alipofunguliwa mlango alisimama pale pale kizingitini, akasema, "Mh! Humu mna nini?" Udi ukikutana na mkojo wa paka unapata harufu ya tatu, mbaya kuliko zote mbili.

Kabla ya hatua yoyote, jua kwanza kinachonuka. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa nchi kame, na figo zake zinabana maji mno, kwa hiyo mkojo wake ni mzito na umejaa urea. Ukiwa mbichi haunuki sana. Bakteria ndio wanaoivunja ile urea ikawa amonia, na amonia ndiyo inayochoma pua. Kazi hiyo inahitaji unyevu na muda. Kwa maana hiyo mkojo wa asubuhi hii hauna neno. Unaokuaibisha mbele ya wageni ni wa jana na juzi. Kinyesi ni kinyume chake: kinanuka kikitoka, kikishafukiwa na kukauka kinatulia.

Hatua ya 1: Beseni na mahali pake

Tafuta beseni kubwa la plastiki lisilo na kifuniko. Kipimo changu ni urefu wa paka, kutoka pua hadi shina la mkia, mara moja na nusu. Mimi natumia mabeseni ya kufulia ya mstatili, upande mmoja nimeupunguza kwa kisu kilichopashwa moto ili paka aingie bila kuruka. Yale masanduku yenye paa na kijimlango yanapendeza dukani, lakini harufu inafungiwa humo humo na anayeivuta ni paka. Akichoka anahamia kwenye kochi lako.

Hesabu inayoshauriwa ni beseni moja kwa kila paka, kisha uongeze moja. Kwangu yangekuwa manne. Nafasi hainiruhusu, ninayo matatu, na kasoro hiyo nailipia kwa kusafisha zaidi.

Usiweke karibu na chakula. Usiweke bafuni kama nyumbani kwenu mnaoga kwa ndoo. Mimi niliweka, kila aliyeoga akalirushia maji, na kwa unyevu wa Dar ule mchanga haukukauka wiki nzima. Sasa yapo kibaraza cha nyuma, chini ya kamba za nguo, upepo unapita.

Hatua ya 2: Cha kujazia

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na mimi nilikosea kwa mpangilio: nilianza na majivu, nikaja mchanga wa baharini, kisha mchanga wa dukani wenye manukato.

Majivu yananyonya, lakini yanaganda miguuni, na yakilowa yanachoma ngozi. Paka akijilamba anayameza. Wala kosa hili halikuanzia kwetu. Mwaka 1947 huko Michigan, Marekani, jirani wa Edward Lowe alikuwa akiwawekea paka wake majivu; Lowe akampa udongo wa kunyonya mafuta yaliyomwagika, na biashara ya mchanga wa paka ikaanzia hapo. Mchanga wa baharini nao una chumvi, na chumvi inavuta unyevu hewani, kwa hiyo unakuwa na majimaji hata kabla paka hajaugusa. Wa manukato ulinimaliza kabisa. Paka wangu mkubwa aliingia, akanusa, akatikisa mguu mmoja mmoja kama aliyekanyaga tope, akatoka. Usiku ule alikojoa juu ya kanga zangu zilizopigwa pasi.

Kama mfuko unaruhusu, nunua mchanga wa udongo wa bentonaiti usio na harufu. Ukilowa unashikana donge gumu, unalitoa lote. Hakuna kinachoushinda. Ila bei yake kwa paka watatu ni kodi nyingine ya nyumba, kwa hiyo mimi nachanganya mwenyewe: makopo mawili ya mchanga laini wa kujengea, kopo moja la unga wa mbao. Mchanga nauchekecha, nauosha, nauanika juani mpaka ukiushika haugandi kiganjani. Unga wa mbao nauchukua kwa mafundi seremala wa Keko, na kila mara nauliza swali moja: "Fundi, mbao hizi zimetiwa dawa ya mchwa?" Zikiwa zimetiwa, naacha. Mchanga unampa paka kitu cha kuchimba na kufukia, unga wa mbao unakunywa mkojo, na mzigo unapungua kwa anayepanda ngazi.

Jaza kina cha sentimita 5 hadi 7. Pungufu ya hapo mkojo unafika kwenye plastiki na kuganda.

Hatua ya 3: Kuchota, asubuhi na usiku

Nunua kijiko cha matundu, kile cha kuopolea maandazi, na kipake rangi ya kucha nyekundu mpinini ili kisije kikarudi jikoni. Mimi nachota baada ya alfajiri na kabla ya kulala. Mabeseni matatu, hayafiki dakika tano.

Usichote kwa kupekua juu juu. Donge la mkojo hushika chini kabisa, pembeni, kama ukoko wa wali. Ukilivuta kwa juu linakatika, vipande vinabaki, na vipande hivyo ndivyo vitakavyonuka kesho. Inamisha beseni kidogo, ligonge ubavuni kwa kiganja mara mbili, mchanga mkavu utateremka na donge litajitokeza. Ingiza kijiko kwa kukilaza ukutani mwa beseni, kisukume mpaka chini, ndipo uinue polepole. Ukiona unyevu umebaki kwenye plastiki, ufute kwa karatasi. Halafu rudishia mchanga mkavu kwa kiasi ulichotoa.

Kuna sababu nyingine ya kuchota kila siku. Paka akiwa na vimelea vya toksoplazma, mayai yanayotoka na kinyesi hayaambukizi siku ile ile. Yanahitaji kati ya siku 1 na 5 kuiva. Ukitoa kinyesi kila siku unayawahi. Mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hii, na kama hana wa kumwachia avae glavu na anawe vizuri. Kwa sababu hiyo hiyo usimwage mchanga huu kwenye matuta ya mchicha. Usiumwage chooni pia, utaziba bomba. Funga kwenye mfuko, tupa na taka.

Mbele ya kila beseni tandika gunia la katani likung'ute miguu. Sisi tunaoswali nyumbani tunajua paka mwenyewe si najisi, lakini mkojo wake ni najisi, na miguu yake inaweza kuufikisha mpaka kwenye mswala.

Hatua ya 4: Kuosha kila wiki

Kwa mchanganyiko wangu namwaga wote kila Jumamosi. Wa bentonaiti ukiuchota vizuri unaweza kufika wiki mbili, tatu.

Beseni likishakuwa tupu lisuuze kwa maji matupu. Kisha mimina siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, liache robo saa. Siki inaishika amonia na kulainisha ule ukoko mweupe wa chini. Sugua kwa brashi na sabuni ya kawaida, suuza, anika juani. Uwe na beseni moja la akiba ili usilirudishe lililo bichi kwa sababu paka anakusubiri mlangoni. Siku za mgao wa maji natumia yale ya mwisho ya kufulia kwa kusugua, ya kusuuzia tu ndiyo yawe safi. Beseni lililochanika michirizi ya makucha libadilishe. Harufu ikiingia mle haitoki.

Usimimine Jik kwenye beseni lenye mkojo. Klorini na amonia zikikutana zinatoa gesi ya sumu. Mimi nilifanya hivyo mara moja bafuni, nimefunga mlango, nikatoka nakohoa na machozi yananitiririka. Dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini nazo ziache: nyingi zina fenoli, na ini la paka haliwezi kuivunja. Atakanyaga, atalamba miguu, ataugua.

Hatua ya 5: Dume

Kama una dume hajahasiwa na bado nyumba inanuka, usijilaumu kwa usafi. Mkojo wa dume mzima una kemikali zake za kutangaza himaya, na atarusha ukutani hata beseni liwe linang'aa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo ahasiwe. Wangu baada ya wiki chache harufu ilipungua sana.

Na unapochota, hesabu

Paka mzima kwa kawaida anaacha madonge mawili hadi manne ya mkojo kwa siku. Nayahesabu bila kuandika, kama mtu anavyohesabu chenji. Asubuhi moja beseni la dume lilikuwa kavu, na yeye anaingia, anachuchumaa, anatoka, anaingia tena, analia. Nilijua ameziba njia ya mkojo, jambo linaloweza kumuua dume ndani ya siku moja au mbili. Nilimtia kwenye kikapu cha sokoni, nikakifunika kwa kanga, nikashuka naye ngazi zote nne kabla hata sijanywa chai. Jioni yake alikuwa na mrija, amechukia kila mtu, na chini yake kitambaa kimelowa chapachapa.