Upasuaji wa dharura wakati wa korona: pa kuokoa muda

Mwaka 2020 wagonjwa wa kidole tumbo walianza kufika hospitali tumbo limeshajaa usaha. Kenya, kuanzia Machi 27, kulikuwa na kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Uganda usafiri wa umma ulisimamishwa na bodaboda zikakatazwa kubeba abiria. Wengine walijikalia nyumbani kwa kuiogopa wodi. Timu inayojiandaa kwa mlipuko mwingine wa aina hii ihesabu kwamba saa nyingi zimeshapotea kabla mgonjwa hajafika getini, na ijipange ili nyingine zisipotelee ndani.

Anza na karatasi moja ukutani mapokezi ya dharura: nani hangoji kipimo cha korona. Mimba iliyotunga nje ya kizazi na presha inashuka, kondo lililobanduka, aliyechomwa kisu na bado anavuja damu: moja kwa moja thieta, na wote wahesabiwe kuwa wana virusi. Korodani iliyojisokota ina kama saa 6 tu tangu maumivu yaanze. Kipimo cha haraka cha antijeni hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 30, kwa hiyo chukua sampuli huku mshipa unatafutwa na damu inalinganishwa maabara. Jibu likiwa hasi, msivue barakoa. Kipimo hiki hukosa wagonjwa.

Kidole tumbo ambacho hakijapasuka kinaweza kujaribiwa kwa antibiotiki pale thieta inapozidiwa. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka huohuo ulionyesha kuwa karibu watu 3 kati ya 10 waliopewa dawa walipasuliwa ndani ya siku 90. Wenye kijiwe ndani ya kidole walikuwa 4 kati ya 10. Basi wenye kijiwe wapewe kipaumbele cha kisu. Na dawa isiwe njia ya kumsahau mtu wodini: mguse tumbo kila baada ya saa chache. Likikakamaa au mapigo yakipanda, muda wa dawa umekwisha.

Upasuaji unaoweza kungoja, kama henia isiyonasa, uahirishwe: mwaka 2021 ushauri ulikuwa wiki 7 baada ya maambukizi. Katika miezi ya mwanzo ya korona, kati ya wagonjwa waliopasuliwa wakiwa na virusi, karibu 1 kati ya 4 walifariki ndani ya siku 30, na nusu walipata matatizo ya mapafu.

Thieta, sindano ya mgongo ndiyo chaguo la kwanza kwa upasuaji wa uzazi na wa miguu, maana haimwagi virusi hewani. Isipokuwa kwa anayevuja damu sana: presha itaporomoka. Huyo alazwe usingizi kamili, na abaki naye anayeingiza mpira wa kupumulia kooni na msaidizi mmoja tu. Oksijeni dakika 3, barakoa ya oksijeni imebanwa kwa mikono miwili, bila kubonyeza begi la kusukuma pumzi. Suksa, dawa ya kulegeza misuli, miligramu 1.5 kwa kilo (kilo 60 ni miligramu 90) kama hana sababu ya kuikataa, kisha ngoja misuli ilegee kabisa. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaharakisha, mgonjwa anakohoa usoni mwao. Jaza puto la mpira kabla ya pumzi ya kwanza, na chujio likae kati ya mpira na mirija ya mashine.

Waliobaki nje waingie hewa ikishasafika. Ikibadilishwa mara 15 kwa saa, asilimia 99 ya chembe huondoka kwa dakika 18. Mara 6, dakika 46. Kiyoyozi cha ukutani huzungusha hewa ileile, kisihesabiwe. Damu ikimwagika tumboni, daktari asingoje saa: avae barakoa ya N95 na awe ndani.

Kusafisha: sabuni kwanza, kwa sababu uchafu huua nguvu ya klorini. Jiki ya asilimia 3.5, mililita 285 ndani ya ndoo, jaza maji hadi lita 10, paka meza na uache dakika 10. Palipomwagika damu, sehemu 1 ya jiki kwa maji sehemu 6. Changanya upya kila siku.

Mwisho, oksijeni. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukifunguliwa lita 15 kwa dakika huisha kwa saa saba na nusu, na wodi ya korona itautamani wa thieta saa nane za usiku. Uandikwe THIETA kwa rangi, na spana yake ikae kwa mtu wa usingizi aliye zamu.