Picha ya HEIC ikigoma kufunguka, usibadili jina tu

Wakuu, kama unatuma picha za pasipoti au vyeti kutoka iPhone halafu kompyuta ya steshenari inagoma kuzifungua, picha haijaharibika. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017 iPhone inasevu picha kwa HEIC (aina ya faili ya picha), inakula nafasi ndogo kweli ila mashine nyingi za zamani na mifumo mingi ya maombi haiitambui, zenyewe zinataka JPG basi.

Watu wengi wanafuta ".heic" mwishoni wanaandika ".jpg", hapo umebadili jina tu, cha ndani ni kilekile na mfumo utakataa tena.

Fanya hivi, kwenye Photos gusa Share halafu Save to Files, kisha ingia kwenye app ya Files, ibonyeze picha uishikilie, gusa Quick Actions, halafu Convert Image, chagua JPEG (ndiyo hiyohiyo JPG), inatoka kopi mpya na ile ya mwanzo inabaki palepale (hii ni iOS 16 kwenda mbele). Ukitaka simu ipige JPG moja kwa moja nenda Settings, Camera, Formats, weka Most Compatible, ila zile za zamani hazibadiliki. Na tafadhali kitambulisho chako usikipeleke kwenye tovuti usiyoijua eti ikubadilishie bure, hujui kinabaki wapi.

Picha za WebP (aina nyingine ya faili ya picha) mnazodaunilodi mtandaoni, fungua na Paint kwenye Windows 10 au 11 usevu kama JPEG. Ikiwa ni logo isiyo na bakigraundi tafuta programu ya kuigeuza PNG, JPG haishiki uwazi, utaletewa boksi jeupe nyuma.