Kusaka sarafu za zamani kwenye viwanja vya mpira vilivyoachwa Dar

Katikati ya kiwanja hakuna kitu. Mchezaji akivaa bukta habebi hela. Hela ilikuwa mfukoni mwa mtazamaji, ikadondoka alipochuchumaa, alipolipia karanga, au aliporuka goli lilipoingia. Kwa hiyo kabla ya kuwasha ditekta, yaani mashine ya kutambua metali iliyofukiwa, jua kwanza watu walisimama wapi.

Mwembe au mwarobaini wa pembeni, hata kama kimebaki kisiki, ndio jukwaa la kwanza. Kisha nyuma ya magoli, na njia ya kuingilia. Halafu angalia jua: mechi za mtaani huanza saa kumi jioni, na mwenye akili alisimama upande wa magharibi ili jua limpige mgongoni. Anza upande huo, mita 1 hadi 4 nje ya mstari.

Ruhusa itangulie. Dar kiwanja kikiwa kichaka hakimaanishi hakina mwenyewe. Ni cha manispaa, shule, klabu au taasisi ya dini. Nenda serikali ya mtaa, uliza mmiliki, upate barua yenye muhuri, na utembee nayo. Bila barua, kijana mwenye mashine na shimo anaonekana mwizi wa nyaya. Pia ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964: kuchimba kwa kusaka malikale kunahitaji kibali, na vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 vinalindwa. Waeleze Idara ya Mambo ya Kale unachokusudia kabla hujaanza. Usikadirie umri kwa macho, maana maandishi ya Kiarabu peke yake si ushahidi. Hata pesa ya Wajerumani ya 1890 inayo.

Jambo la pili la usalama ni la Dar hasa. Maghala ya silaha yalilipuka Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, mabomu yakaruka hadi kwenye makazi ya watu. Ukifukua chuma chenye umbo la chupa au risasi kubwa, usikiguse, usikifunike. Weka alama, ondoa watoto, piga 112.

Mashine: chukua ditekta ya kawaida ya sarafu, inayotenganisha chuma na metali nyingine kwa sauti na namba ya kwenye skrini. Zile za wachimbaji wa dhahabu zinazofanya kazi kwa mapigo ya umeme huingia chini zaidi, lakini nyingi hazitofautishi vizuri. Kwenye kiwanja chenye visoda elfu utachimba mpaka uchukie mchezo. Koili, ile sahani ya chini unayopitisha juu ya ardhi, ya inchi 9 hadi 11 inatosha; penye takataka nyingi, ya inchi 6 hupenya vizuri zaidi katikati ya misumari. Ongeza pinpointa (kiditekta cha mkononi cha kuonyesha kitu kilipo ndani ya shimo), mwiko imara wa bustani (wa mwashi hupinda) na kipande cha turubai.

Nyumbani, jifunze sauti. Tandaza chini kisoda, kifungulio cha kopo la soda, msumari, shilingi 500 na sarafu moja ya zamani, pitisha koili, andika namba. Utashangaa: shilingi 500 ni chuma kilichopakwa nikeli, inalia kama takataka. Senti 10 ya tundu ya Afrika Mashariki ni shaba nyeusi, upana karibu sentimita 3, inalia juu na safi. Shilingi ya 1966 yenye mwenge ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, namba yake huangukia jirani na vifungulio vya kopo. Ukiiwekea mashine inyamazie namba hizo ili upumzike na vifungulio, umezizima shilingi pia.

Adui mkubwa ni kisoda, kwa sababu kinaweza kulia vizuri kama sarafu. Mbinu ni hii: ukipata mlio mzuri, geuka robo duara upitishe tena. Kisha rudisha koili nyuma polepole mpaka mlio ubaki kwenye ncha tu. Sarafu hufifia ikiwa safi vilevile. Kisoda huanza kukwaruza, na namba huruka. Si kila mara, lakini itakuokoa mashimo mengi.

Piga kamba, gawa njia za mita 1.5, tembea pole. Koili iwe sentimita 2 hadi 3 juu ya ardhi, usawa uleule hadi mwisho wa mzunguko. Wengi huinyanyua pembeni na hapo ndipo wanapopoteza kina. Kila mpito ufunike nusu ya ule uliotangulia. Mashine ikipiga kelele chini ya nyaya za umeme au karibu na mnara wa simu, badili chaneli (masafa yake), kisha punguza nguvu ya kuhisi. Karibu na bahari udongo wenye chumvi uliolowa hutoa milio ya uongo: rekebisha upya mizani ya ardhi, ile mipangilio inayoifanya mashine ipuuze udongo wenyewe. Kwingine, wiki moja baada ya mvua za masika ni wakati mzuri, udongo ni laini na mlio unasikika.

Kiwanja cha vumbi kwenye mteremko huliwa na maji, sarafu zikabaki juu juu au zikakusanyika maji yanapopunguza mwendo: kona ya chini, mdomo wa mtaro. Cha bondeni, kama Jangwani, ni kinyume, mafuriko ya Msimbazi yanakizika. Chimba shimo moja la majaribio la sentimita 30. Ukikuta tabaka la mifuko ya rambo kwenye sentimita 25, vya zamani viko chini yake, na ditekta ya kawaida haitavifikia. Hama.

Kuchimba: kata pande tatu za nyasi, sentimita 8 mbali na kitovu cha mlio, funua kama kifuniko. Udongo wote uende kwenye turubai. Pima shimo tena, kwani sarafu mara nyingi huwa mbili. Rudisha udongo, kanyaga, beba na takataka ulizotoa.

Sarafu usiisugue kwa limau, ukwaju wala jivu kama sufuria ya shaba. Utaondoa rangi na nusu ya thamani. Iloweke kwenye maji yaliyotoneshwa (distilled water), yale ya kuongezea betri yasiyo na asidi, ubadilishe kila siku kwa wiki moja, kisha ikaushe kivulini. Unga wa kijani unaorudi baada ya kukausha ni chumvi inayoila shaba: iloweke tena, halafu ihifadhi kwenye bahasha ya karatasi pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya.